Chuma cha nje kinapovunja bei: namna ya kujenga malalamiko yatakayosikilizwa, kwa watengenezaji wa Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe

Ukikuta misumari ya inchi nne inauzwa Mwanjelwa kwa bei iliyo chini ya gharama ya waya wa kuitengenezea, jambo la kwanza linalokuja kichwani ni kwamba serikali ifunge mpaka. Serikali haifungi mpaka kwa sababu ya bei. Bei ndogo peke yake si kosa kwa sheria za Tanzania, wala za Jumuiya ya Afrika Mashariki, wala kwa mikataba ya Shirika la Biashara Duniani (WTO). Kosa ni kile kilichoifanya bei iwe ndogo, na kila kosa lina ofisi yake, ushahidi wake na muda wake. Barua iliyopelekwa kwenye mlango usio wake hulala humo miezi, na wakati huo karakana inaendelea kupunguza vijana.

Yaliyo hapa chini ni kwa wenye karakana na viwanda vidogo: wanaochomelea mageti, wanaokunja mabati, wanaotengeneza misumari, majembe, nyavu za waya na skwea paipu. Kiwanda kikubwa cha Dar es Salaam kina wanasheria wake. Wa Makambako hana, na ndiye anayehitaji kujua njia.

Hatua ya kwanza: jua umeumizwa na nini

Makosa yako ya makundi mawili. Kundi la kwanza ni la kitaifa na huamuliwa juu. Kuna kumwaga bidhaa, yaani kiwanda cha nje kinauza huku kwa bei ya chini kuliko kinavyouza nyumbani kwake. Kuna ruzuku, yaani serikali ya huko inakibebea kiwanda sehemu ya gharama kwa mkopo rahisi, umeme wa bei nafuu au kurudishiwa kodi. Na kuna mfuriko: bidhaa ni halali na bei yake haina hila, ila zimeongezeka ghafla kiasi cha kuua wazalishaji wa ndani. Yote matatu yanakwenda Wizara ya Viwanda na Biashara. Kwa kumwaga na ruzuku Tanzania ina sheria yake ya mwaka 2004, na Jumuiya ina kanuni zake kwa yote matatu chini ya Umoja wa Forodha.

Kundi la pili ni ujanja wa kawaida: thamani ya uongo forodhani, mzigo wa transiti (unaopita tu kwenda nchi jirani) ulioshushwa njiani, nondo nyembamba kuliko lebo, bati lenye nembo ya mtu mwingine. Haya ni ya Mamlaka ya Mapato (TRA), Shirika la Viwango (TBS), Wakala wa Vipimo na Tume ya Ushindani (FCC).

Anza na kundi la pili hata kama una hakika tatizo lako ni la kwanza. Sababu ni mbili. Ofisi za kundi la pili zina mamlaka ya kukamata mzigo wiki hiyo hiyo, wakati uchunguzi wa kumwaga bidhaa unaruhusiwa kuchukua mwaka mzima, na hadi miezi 18. Tena ukidai bidhaa imemwagwa, kisha wachunguzi wagundue kuwa bei ni ndogo kwa sababu nondo yenyewe ni pungufu, dai lako limekufa hapo hapo.

Hatua ya pili: pima, kisha pima tena

Hapa ndipo karakana ndogo ina nguvu kuliko ofisi yoyote, kwa sababu ina mzani na bidhaa iko mbele yake.

Kwa nondo, kanuni ni kipenyo mara kipenyo, gawanya kwa 162. Jibu ni kilo kwa mita moja. Nondo ya milimita 12 ni 144 gawanya kwa 162, yaani kilo 0.889 kwa mita, na kipande cha mita 12 kinapaswa kuwa na kilo 10.67. Ya milimita 8 ni kilo 4.74, ya 10 ni kilo 7.41, ya 16 ni kilo 18.96, zote kwa urefu wa mita 12. Usipime kipenyo cha nondo ya mbavu kwa vania: meno yake yatashika juu ya mbavu na kukuonyesha kipenyo kikubwa kuliko cha kweli. Uzito ndio hausemi uongo. Pima na urefu pia, maana kipande kinachoitwa cha mita 12 kinaweza kuwa na 11.7 au 11.5.

Viwango vinaruhusu tofauti ndogo, takriban asilimia 5 au 6 kwa nondo za kawaida za ujenzi. Sasa chukua nondo inayoitwa ya 12 lakini kipenyo chake halisi ni 11.2. Itakuwa na kilo 9.29. Imekosa kilo 1.38, karibu asilimia 13. Mnunuzi anaona kipande kimepungua bei, kumbe kwa kilo analipa sawa au zaidi, na nguzo ya nyumba yake imepungukiwa chuma. Kwa hiyo kila ulinganifu wa bei utakaoandika uwe kwa kilo, usiwe kwa kipande.

Kwa mabati, shiti lenye unene wa milimita moja lina kilo 7.85 kwa mita ya mraba. Bati la milimita 0.25 basi lina kilo 1.96 kwa mita ya mraba. Ukitaka eneo lake, laza utepe ufuate mikunjo yote kutoka ukingo hadi ukingo. Ukichukua upana wa bati lililokwisha kunjwa utapata eneo dogo, na bati litaonekana nene kuliko lilivyo. Unene upimwe kwa maikromita sehemu tatu au zaidi, mbali kidogo na kingo, na bati la rangi likwanguliwe rangi kwanza. Wauzaji wengine hutaja unene pamoja na rangi na zinki. Kiwango kikitaja chuma tupu, tofauti hiyo ni kubwa kwa bati jembamba. Kiasi cha zinki usikikisie kwa macho. Hicho ni kipimo cha maabara.

Sampuli zitoke kwenye vifungu tofauti na maduka tofauti, vipande kumi kwa kila ukubwa ikiwezekana. Kila kipande kinunuliwe kwa risiti ya EFD. Piga picha kibandiko cha kifungu chenye jina la kiwanda, nchi na namba ya kundi la uzalishaji kabla hakijakatwa, kisha funga lebo ya waya kwenye kipande: tarehe, duka, namba ya risiti, uzito. Sampuli isiyo na risiti ni kipande cha chuma tu. Muuzaji atakana kuwa ni chake na hutakuwa na la kujibu. Matokeo yapelekwe TBS, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini hapa Mbeya, na suala la uzito na vipimo vya kuuzia lifike pia kwa Wakala wa Vipimo.

Hatua ya tatu: jua namba ya forodha ya bidhaa yako

Afisa wa wizara hatafuti neno "nondo" kwenye mfumo. Anatafuta namba. Nondo na fimbo za chuma ziko 7214, za kuviringishwa kwenye koili 7213, mabati yaliyopakwa zinki au rangi 7210 kwa koili pana na 7212 kwa nyembamba, angle na chaneli 7216, waya 7217, paipu za kuchomelewa 7306, misumari 7317, seng'enge 7313, majembe 8201. Andika namba hiyo kwenye ukurasa wa kwanza wa barua.

Kuna mtego mmoja ambao umetumika duniani kwa miaka. Kwa kanuni za sura ya 72 ya orodha ya namba za forodha, chuma kikiwa na boroni kuanzia asilimia 0.0008 au kromiamu kuanzia asilimia 0.3, kinahesabiwa kuwa aloi, yaani chuma mchanganyiko. Chembe hiyo ya boroni haibadilishi kazi ya nondo hata kidogo, lakini inaihamisha kutoka 7214 kwenda 7228, na waya wa koili kutoka 7213 kwenda 7227. Viwanda vya China vilitumia njia hii kupata marejesho ya kodi ya mauzo ya nje hadi serikali yao ilipofuta marejesho ya chuma cha boroni mwanzoni mwa 2015, na baadhi vikahamia kromiamu. Kwa hiyo ukiomba ushuru kwenye 7214 peke yake umejenga ukuta wenye mlango wazi pembeni. Omba namba zote mbili.

Hatua ya nne: hesabu ya kurudi nyuma

Huwezi kuona karatasi za forodha za mshindani wako. Ni siri ya TRA na mlipakodi. Unachoweza kufanya ni kuichukua bei ya rejareja na kuirudisha nyuma hadi bandarini. Namba hizi ni za mfano tu, weka zako.

Bidhaa inauzwa Mbeya kwa dola 900 kwa tani, VAT ikiwemo. Gawanya kwa 1.18, inabaki 763. Toa usafiri wa Dar hadi Mbeya, tuseme 40. Toa faida ya mwenye jumla, 50. Toa gharama za bandari na tozo ndogo za forodha na reli, 30. Inabaki 643. Ikiwa bidhaa hiyo ushuru wake ni asilimia 25 au dola 250 kwa tani, kile kilicho kikubwa, toa 250: thamani ya mzigo ukifika bandarini ni 393. Sasa tafuta bei ya malighafi yake nchi inakotoka. Kama waya wake peke yake unauzwa kiwandani dola 480, basi hakuna namna mtu amelipa ushuru na kodi zote akauza kwa bei hiyo na kubaki na faida.

Kisha jiulize ni ujanja gani. Ushuru wa asilimia tupu unakwepwa kwa kupunguza thamani kwenye ankara. Ushuru wa dola kwa tani hautetereki kwa ankara ya uongo: mzigo ulioandikwa dola 600 na ule ulioandikwa dola 400 yote inalipa 250. Kwa bidhaa yenye ushuru wa namna hiyo, pengo kubwa linaelekeza kwenye uzito wa uongo, namba ya forodha ya uongo, au transiti.

Transiti ni jambo la kwetu hasa. Mizigo ya Zambia na Kongo inapita Iringa, Makambako, Mbeya na kutokea Tunduma bila kulipa ushuru wa Tanzania, kwa dhamana kwamba itavuka. Ikishushwa njiani, muuzaji wake ameanza mbele yako kwa ushuru wote na VAT yote. Dalili ya kuaminika ni kibandiko cha kifungu kinachotaja Lusaka, Ndola au Lubumbashi kwenye nondo inayouzwa Uyole au Ipogolo, pamoja na muuzaji asiyetoa risiti. Piga picha, andika tarehe na mahali, peleka ofisi ya TRA ya mkoa. Usifuatilie lori mwenyewe wala kumtangaza muuzaji kwenye makundi ya simu; utaharibu upelelezi na unaweza kushtakiwa kwa kumchafua.

Kwa bidhaa inayoingia Tunduma au Kasumulu ikidai kuwa imetengenezwa Zambia au Malawi, cha kuhoji ni cheti cha uasili cha SADC. Bati lililotoka mbali likabadilishwa vibandiko tu halistahili msamaha wa ushuru.

Hatua ya tano: kama kweli ni kumwaga bidhaa

Umepima, uzito uko sawa, ushuru umelipwa, na bado bei haielezeki. Sasa hesabu ya kumwaga ina maana. Linganisha bei mbili zikiwa zote kwenye mlango wa kiwanda cha huko. Mfano: bidhaa inauzwa kwao dola 620 ikitoka kiwandani. Bei hadi Dar, usafiri na bima vikiwemo, ni 640. Toa meli na bima 55, toa usafiri wa kwao hadi bandari 25, unapata 560. Tofauti ni 60. Gawanya kwa 560, ni asilimia 10.7. Hicho ndicho kiwango cha kumwaga. Kikiwa chini ya asilimia 2, uchunguzi unafungwa. Kadhalika ikiwa nchi hiyo inaleta chini ya asilimia 3 ya mizigo yote ya bidhaa hiyo inayoingia, isipokuwa nchi ndogo ndogo za namna hiyo zikijumlishwa zivuke asilimia 7.

Kosa linalorudiwa ni kulinganisha bei ya dukani kwao na bei ya bandarini kwetu. Bei ya dukani ina kodi na faida za njiani. Mwanasheria wa mwagizaji ataibomoa kwa dakika tano.

Baada ya hapo uonyeshe majeraha. Kusanya takwimu za miaka mitatu, kwa robo mwaka: tani ulizozalisha, uwezo wa mashine, tani ulizouza, bei, akiba ghalani, wafanyakazi, faida au hasara. Kisha uonyeshe kwamba majeraha yametokana na mizigo hiyo. Kama mwaka huo huo umeme ulikukatikia mara kwa mara au mashine ilikufa, andika mwenyewe na utenganishe hasara hiyo. Wachunguzi wanalazimika kutazama sababu nyingine zote. Wakizigundua wao, wataanza kukosa imani na namba zako nyingine.

Jibu pia swali "kwa nini sasa?". Jibu liko wazi kwa anayefuatilia. China peke yake inazalisha zaidi ya nusu ya chuma cha dunia; mwaka 2024 ilizalisha zaidi ya tani milioni 1,000 na kuuza nje zaidi ya tani milioni 100. Marekani iliweka ushuru wa asilimia 25 mwaka 2018 na kuupandisha hadi 50 Juni 2025. Umoja wa Ulaya nao uliweka hatua za kujikinga mwaka 2018. Chuma kilichokataliwa huko kinatafuta soko lililo wazi. Linganisha tarehe hizo na za kushuka kwa mauzo yako.

Hatua ya sita: huwezi kwenda peke yako

Hili linawaangusha wengi. Malalamiko ya kumwaga au ya ruzuku hayapokelewi mpaka yaungwe mkono na wazalishaji wenye angalau asilimia 25 ya uzalishaji wote wa ndani wa bidhaa hiyo, na wanaounga mkono wawe wengi, kwa tani, kuliko wanaopinga. Karakana zote za Mbeya na Iringa zikiungana hazifiki hapo kwa nondo au mabati. Kwa hiyo pitia Shirikisho la Viwanda (CTI), na chemba ya TCCIA ya mkoa, mkaunganishwe na viwanda vikubwa vya bidhaa hiyo hiyo. Kabla hamjatia saini, soma ombi lote. Maslahi ya kiwanda kikubwa si lazima yawe yako.

Ushuru wa kumwaga ukipatikana unadumu hadi miaka 5 kabla ya kupitiwa upya. Wa muda unaweza kuwekwa mapema, lakini si kabla ya siku 60 tangu uchunguzi ufunguliwe. Hatua dhidi ya mfuriko hazihitaji kuthibitisha hila yoyote, ila jeraha linalotakiwa ni zito zaidi na hatua zenyewe hulegezwa hatua kwa hatua.

Hatua ya saba: njia ya bajeti, na hatari yake

Kwa bidhaa nyingi za chuma, msaada halisi wa miaka hii umepitia ushuru wa forodha wa kawaida. Tangu 1 Julai 2022 ushuru wa pamoja wa Jumuiya una ngazi nne: 0, 10, 25 na 35. Nchi mwanachama inaweza kuomba kutoza tofauti kwa mwaka mmoja. Mapendekezo hukusanywa na Wizara ya Fedha miezi mingi kabla ya bajeti, mawaziri wa fedha wa Jumuiya hukubaliana kabla ya bajeti kusomwa Juni, na viwango vipya huanza 1 Julai. Anayeandika Mei amechelewa.

Omba ushuru wa aina mbili, asilimia au dola kwa tani, kilicho kikubwa, kwa sababu iliyoelezwa kwenye hatua ya nne. Na chunga usiombe ushuru juu ya malighafi yako mwenyewe. Tanzania haina kiwanda kinachogeuza mawe ya chuma kuwa koili. Liganga, wilayani Ludewa, kuna chuma, na Mchuchuma kuna makaa ya kukiyeyushia, lakini mpaka mgodi na tanuri vifanye kazi, chuma cha kila koili anayokunja mtu wa Mbeya kimetoka nje. Ushuru wa koili ukipanda sawa na wa bati lililokamilika, ulinzi wake umefutika. Kinachomfaa ni ngazi: malighafi chini, bidhaa iliyokamilika juu, na pengo la kutosha katikati kulipia kazi.

Afrika Kusini inatoa funzo hapa. Mwaka 2017 iliweka ushuru wa kujikinga wa asilimia 12 kwenye chuma bapa kilichoviringishwa kikiwa moto, ukashuka hadi 10 kisha 8, juu ya ushuru wa kawaida. Wazalishaji wa chuma ghafi walipumua. Wanaokitumia kutengeneza bidhaa walilipia. Marekani nayo ilipoweka ushuru wa hadi asilimia 30 Machi 2002, WTO ilisema haukufuata masharti, na ukafutwa Desemba 2003. Viwanda vya hapa vikiomba bila hesabu za kutosha, vinaweza kupata ushuru usiodumu.

Ombi lenyewe lisizidi kurasa sita: namba ya forodha, ushuru wa sasa, ushuru unaoombwa, uwezo wa kuzalisha ndani ukilinganishwa na mahitaji, bei kwa kilo ya ndani na ya nje, ajira, na mapato ambayo serikali itapata au kupoteza. Kipengele cha uwezo wa ndani ndicho huangusha maombi mengi ya vyama. Ukisema mnaweza kulisha soko lote, mtaulizwa tani, na wakaguzi wakifika wakaikuta mashine moja imefunikwa turubai, faili inafungwa. Andikeni uwezo uliopo, kisha uwezo utakaoongezeka bei ikitulia, na mviweke tofauti.

Ushuru ukitangazwa, endelea kupima kila robo mwaka. Angalia kama mizigo imehamia namba jirani, kama vibandiko vimebadilika nchi, kama nondo za 7228 zimejaa sokoni. Na nyongeza iliyotolewa kwa mwaka mmoja hufa 30 Juni isipoombwa upya, kwa hiyo faili ya mwaka unaofuata ifunguliwe Julai hiyo hiyo, na risiti za kwanza ziingie humo.